Kurasa Kumi na Sita

Ukipanda ngazi za kliniki ile ya meno, juu ya duka la rangi za nyumba, mtu wa kwanza kukutana naye ni yeye. Ana meza nyembamba, simu ya mezani, na sauti ya taratibu ambayo wagonjwa husema huanza kutuliza jino hata kabla ya sindano. Wote wanamwita Mama Mapokezi. Amekaa pale muda mrefu kiasi kwamba Daktari mwenyewe, akitaka kujua kama ana nafasi ya kula mchana, anamwuliza yeye.

Jambo ambalo wengi hawakulijua ni kwamba mama huyu anaandika. Wala si kuandika kwa kupoteza muda. Kwa miaka sita aliihangaikia riwaya moja tu, asubuhi kabla ya kwenda kazini na mchana wagonjwa wanapochelewa. Aliandika, akafuta, akaandika tena. Alipoona imeiva akaipeleka kwa wachapishaji. Wa kwanza alikaa kimya. Wa pili alimjibu kwa heshima zote kwamba riwaya hazitoki siku hizi, lakini kama ana kitabu cha mazoezi ya hesabu akilete haraka. Wa tatu aliupoteza muswada, kisha akamlaumu kwa kutokubaki na nakala, ingawa nakala alikuwa nayo.

"Basi nitakichapa mwenyewe," alimwambia mumewe siku hiyo, akivua viatu mlangoni.

Mumewe, ambaye mtaa mzima unamwita Fundi kwa sababu ni fundi umeme, akasema, "Haya."

Fundi ni mtu wa "haya". Hakuwa hivyo zamani. Zamani alikuwa na mdomo wa kuchekesha msiba, na alikuwa na mwenzake wa kazi waliyemwita Mrefu, mtu aliyeweza kubadilisha taa ya ukumbini bila ngazi. Walifanya kazi pamoja tangu ujana. Kisha siku moja, kwenye kiwanda kimoja walikokuwa wakifunga nyaya mpya, umeme ukawashwa Mrefu akiwa bado ameshika waya. Uchunguzi ulifanywa, ikasemwa ni ajali. Fundi akarudi nyumbani, akaoga, akala, na tangu siku hiyo hakulitaja jina la Mrefu hata mara moja. Alizungumzia chumvi. Alizungumzia bomba linalovuja. Mkewe alijaribu kumwuliza kwa upole, akajaribu kwa ukali, mwishowe akaacha. Badala ya kuuliza akaanza kuandika.

Riwaya aliiita Paa la Jirani. Ilikuwa habari ya mafundi wawili wa kuezeka. Mmoja anaanguka, mwenzake anabaki hai na anakuwa bubu wa hiari ndani ya nyumba yake, na mkewe anaishi na ule ukimya kama mtu anayeishi na mgeni asiyeaga. Aligeuza umeme kuwa paa na waya kuwa kamba, akaamini amejificha vizuri.

Makasha ya vitabu yalipofika sebuleni, yakapangwa nyuma ya kochi hadi usawa wa dirisha. Wifi yake, dada yake Fundi, alikuja siku ya pili akasimama mlangoni ameshika kiuno.

"Wifi, hivi ni vigae? Mnajenga?"

"Ni vitabu, wifi."

"Vyote hivi? Kwani watu wangapi wamekukosea?"

Alicheka peke yake hadi akakaa chini. Lakini alichukua kimoja, na kwa haki yake, hakuomba apewe bure.

Vitabu vikaanza kutoka kimoja kimoja. Akiwa na kimoja mkobani aliona haya kukitoa, na akikitoa aliona haya kukirudisha. Mgonjwa akishatolewa jino, akiwa na pamba mdomoni na hawezi kubisha, ndipo alipomwonyesha. Kisha akajilaumu jioni nzima kwa kumvizia mtu mwenye ganzi. Daktari alinunua vitano, akaviweka kwenye meza ya wanaosubiri. Majirani walinunua. Wenzake wa zamani wa shule walinunua. Wote walimwambia neno lile lile: "Hongera, kitabu kizuri sana." Hakuna aliyeongeza la pili. Hakuna aliyesema, "Yule mke kanikera," wala, "Pale kwenye mvua pamenishinda." Yeye alisubiri na roho juu, akawa anatazama vinywa vya watu kama daktari wake. Kizuri sana. Kizuri vipi? Akaanza kujiuliza kama ni kibaya, watu wanamstahi tu. Siku nyingine alijiambia hivi: angekuwa na kipaji, mchapishaji mmoja kati ya watatu angekiona. Mtu mzima amejitangaza mwandishi peke yake, kama mtu anayejivisha cheo mbele ya kioo.

Kilichomshikilia ni sentensi moja ya mumewe. Alikuwa amempa nakala ya kwanza kabisa. Baada ya wiki mbili Fundi aliweka kitabu juu ya meza na kusema, "Nimekimaliza. Mwisho wake umeniliza." Kisha akaenda kunawa mikono. Basi. Mama Mapokezi aliishi kwa maneno yale. Kila alipokata tamaa aliyatoa akayatazama, akayarudisha.

Siku moja ya Jumanne mkutubi wa maktaba ya mtaa alimpigia simu. Ana kikundi cha wasomaji, alisema, wamekuwa na nakala za Paa la Jirani kwa mwezi mzima, na Jumamosi wanakutana. Je, mwandishi anaweza kuja kuwasomea kipande? "Tusomee mwisho," mkutubi alisema. "Watu wameupenda mno mwisho."

Alikata simu kwa furaha. Mchana, chumba cha kusubiri kilipokuwa kitupu, akachukua nakala moja ya pale mezani ili achague pa kuanzia. Hapa inafaa kusema jambo moja juu yake: tangu vitabu vitoke, hakuwahi kukifungua hadi mwisho. Alikuwa akikifungua mwanzoni, anasoma mistari miwili, anakifunga. Aliogopa kukuta kosa. Alijua akiona herufi moja iliyorukwa hatapata usingizi, na vitabu vimeshachapwa, utafanya nini?

Akafungua nyuma kabisa. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na namba 192.

Alikumbuka vizuri kwamba kitabu chake kina kurasa zaidi ya mia mbili. Akarudi nyuma kidogo. Kulikuwa na ukurasa wa 192 mwingine. Hapo mume anaweka kijiko chini, anamtazama mkewe, na baada ya kimya cha miaka anafungua kinywa: *akamwambia*. Ndipo ukurasa unakwisha. Ukifunua, unarudi ukurasa wa 177, mvua inaanza upya, mke anaanua nguo zile zile, wanakaa tena mezani, mume anaweka kijiko chini, *akamwambia*. Halafu jalada.

Akachukua nakala ya pili pale mezani. Ya tatu. Zote tano. Ndani, mashine ya Daktari ilikuwa ikikereza jino la mtu, na yeye akahisi kama inakereza lake. Kurasa kumi na sita za mwisho hazikuwemo. Mahali pake zilikuwa zimewekwa kurasa za kabla yake, mara ya pili.

Alimpigia mpiga chapa huku amesimama.

"Mama, subiri kwanza," mpiga chapa alisema. "Nina yako moja hapa kabatini. Ngoja." Akasikika akifunua. Kisha, "Loo."

"Loo nini?"

"Mahali pa fungu la mwisho la kurasa limeingia tena lile la kabla yake. Hilo ni kosa letu, sibishi. Ila mama, vitabu ulivichukua mwezi wa tatu."

"Ndiyo."

"Sasa ni mwezi wa tisa. Muda wote huo hakuna aliyelalamika?"

Akavifunga vile vitano kimoja kimoja.

"Nauliza tu. Maana wateja wangu wengine, ukurasa ukipinda kidogo, siku hiyo hiyo simu inaita."

Hakusema kwa ubaya, na ndiyo maana iliuma. Mpiga chapa akaendelea kusema mambo ya busara: atachapa kijitabu chenye zile kurasa kumi na sita, kipimo kile kile, msomaji atakichomeka nyuma, hatamtoza kitu, Jumamosi asubuhi kitakuwa tayari. Ila kompyuta yake ya zamani ilishakufa, kwa hiyo amletee maandishi upya, mwisho Alhamisi jioni. "Na kama kuna neno ulitamani kulirekebisha," aliongeza, "ndiyo nafasi hiyo."

Mama Mapokezi alikaa. Akaanza kuwapitisha watu mmoja mmoja kichwani. Jirani wa mkono wa kulia, aliyesema hakulala akikisoma. Mwenzake wa shule, aliyesema amekisoma mara mbili. Daktari. Mkutubi, ambaye watu wake wameupenda mno mwisho. Mwisho upi? Halafu akamfikia wa mwisho kwenye ile foleni, na moyo ukampiga paa.

*Mwisho wake umeniliza.*

Alifika nyumbani jua bado lipo. Fundi alikuwa uani, amepindua pasi ya jirani juu ya stuli anautafuta ugonjwa wake. Mkewe alikuwa amepanga njia nzima jinsi atakavyoanza taratibu. Hakuanza taratibu.

"Uliniambia mwisho wa kitabu ulikuliza."

Fundi aliinua macho. "Ndiyo."

"Mwisho gani?"

"Ule wa mwisho."

"Nihadithie."

Bisibisi ikasimama. "Mama, ni zamani. Nimesahau kidogo."

"Nihadithie ulichokumbuka. Yule mume anasema nini?"

Alimwona mumewe akitafuta, kama mtu anayepapasa swichi kwenye chumba cha watu. Akamhurumia, na hapo hapo akamchukia. Akafungua mkoba, akatoa kitabu, akamwekea pale kando ya pasi kikiwa wazi ukurasa wa nyuma.

"Hakuna mwisho humo. Vitabu vyote havina. Kwa hiyo naomba uniambie ulilia nini."

Fundi alitazama ule ukurasa. Alipozungumza, sauti ilikuwa ya chini kama anasema na pasi.

"Niliishia pale anapokaa sebuleni na kofia ya kazi magotini. Mwanzoni kabisa."

"Ukurasa wa thelathini?"

"Sijui namba. Nikaona ni mimi. Kofia, kochi, vyote mimi. Nikakifunga." Akajifuta uso kwa kiwiko. "Niliogopa kuona mbele huko utanifanya nini."

"Nikufanye nini?"

"Useme ni mimi niliyemwua."

Jirani upande wa pili wa ukuta alikuwa anapiga deki, maji yanasikika yakimwagwa. Mama Mapokezi alitaka kusema, hapana, nisingeweza. Lakini hakuweza kusema hivyo, kwa sababu alijua alichoandika. Kwenye zile kurasa kumi na sita, mume anasema. Anamwambia mkewe kwamba ile kamba aliiachia. Jasho lilimwingia jichoni akaiachia mara moja tu, kujifuta, na hiyo mara moja ndiyo iliyotosha.

"Uliandika hivyo?" Fundi aliuliza. Alikuwa anamtazama sasa.

"Nimeandika habari za watu wa paa," alisema, na hata masikioni mwake mwenyewe maneno yale yalisikika kama ya mtu anayejitetea kituoni.

Fundi aliokota bisibisi. "Haya," akasema.

Jumatano ilikuwa siku mbaya. Kazini aliwapa wagonjwa wawili miadi ya saa ile ile, wakatokea wote, mashavu yamevimba, wakatazamana kama mahasimu. Mchana alifungua kompyuta ya mapokezi akaamua kuuandika mwisho mpya. Si mpiga chapa kasema ndiyo nafasi? Hakuna aliyeusoma ule wa zamani. Hakuna atakayejua. Akaandika kwamba kamba ilikatika yenyewe. Ilikuwa kuukuu, aliyeinunua ni mwenye nyumba, hakuna mtu wa kulaumiwa. Mume analia, mke anambembeleza. Aliandika haraka, bila kukwama hata mara moja, na alipousoma ulikuwa umekufa. Ulikuwa kama jino la bandia: jeupe, limepangika, halina mshipa.

Akajaribu tena. Mume asiseme kitu. Akajaribu mke ndiye aseme. Kila alichoandika kilikuwa na harufu ya woga wake. Na swali lililomsumbua halikuwa la uandishi tena. Alijiuliza ana haki gani. Miaka sita ameukalia ukimya wa mwenzake akiuchonga kuwa sentensi, akajisifu moyoni kwa sentensi nzuri, na kumbe alikuwa anaandika hukumu ya mtu anayelala naye kitanda kimoja. Na yote hayo kwa ajili ya wasomaji gani? Wasomaji ambao hawakufika.

Alipofika nyumbani Fundi alikuwa anamsubiri mlangoni.

"Nipe hizo kurasa."

"Nazibadilisha. Subiri nimalize, nitakupa nzuri."

"Sitaki nzuri. Nipe za mwanzo."

Alikuwa amezihifadhi kwenye droo, zimepigwa chapa upande mmoja wa karatasi. Akampa. Fundi akazikunja mara mbili, akazitia kwenye mfuko wa ovaroli, mfuko ule wa kuwekea koleo, akatoka. Aliporudi akapitiliza kitandani. Asubuhi alitoka kabla mkewe hajaamka.

Siku ya Alhamisi iliyumba. Kila mlango wa kliniki ulipofunguka Mama Mapokezi alishtuka. Aliwaza mambo ya kijinga: Fundi amepanda nguzo, akili haiko, ameshika waya asioutazama. Akampigia, simu ikaita bila kupokelewa. Akapiga tena. Mpiga chapa naye alituma ujumbe: Mama, nasubiri. Alasiri ilipoingia, na flashi yenye miisho minne tofauti ikiwa mezani mbele yake, mlango ukafunguka akaingia Fundi.

Alikuwa hajawahi kufika pale hata siku moja. Anaogopa meno. Alivua kofia, akawasalimia wagonjwa, akaketi kwenye kiti cha mwisho kati ya mama mmoja aliyejishika taya na kijana aliyelala mdomo wazi. Mama Mapokezi hakujua afanye nini. Akafanya kazi yake.

"Una miadi?" akamwuliza.

"Nataka dakika mbili na wewe."

Wakatoka kwenye ngazi. Harufu ya rangi ilikuwa inapanda kutoka dukani. Fundi aliegemea ukuta, akatoa zile karatasi zikiwa na alama za vidole vyeusi.

"Umebuni," alisema. "Lakini umebuni karibu."

"Karibu vipi?"

"Sikushika swichi mimi. Swichi alishika mtu mwingine, kule mwisho wa ukumbi, hatuonani. Mimi nilikuwa nimemaliza upande wangu. Nikapiga kelele, 'Tayari!' Nilikuwa na maana mimi niko tayari. Yeye akasikia sote tuko tayari." Akajifuta vidole kwenye ovaroli. "Neno moja. Waliponiuliza kwenye uchunguzi kama nilisema kitu, nikasema sikumbuki. Na yule wa kwenye swichi akabeba yote."

Mkewe alimshika mkono. Ulikuwa baridi.

"Nitaubadilisha," akasema. "Nimeandika miisho mingine. Kuna mmoja kamba inakatika yenyewe."

"Yenyewe?" Fundi alikunja uso kama mtu aliyeonyeshwa kazi ya ovyo. "Kamba ikatike yenyewe, halafu huyu bwana alikuwa ananuna nini kurasa zote hizo?"

Mkewe alicheka bila kutaka, machozi yakamtoka hapo hapo.

"Basi niweke la kweli. Niweke 'tayari'."

"Hapana." Alisema haraka. "Hilo ni langu. Sijampa mtu bado, wewe wa kwanza. Huyu wa paa ameachia kamba, mwache aiachie. Nimeisoma mara tatu jana nimekaa kwenye gari. Mwanzoni nilitaka kuzichana. Mara ya tatu nikaona huyu si mimi. Ana yake." Akamrudishia karatasi. "Peleka."

Kijana wa mdomo wazi alichungulia mlangoni. "Mama Mapokezi, samahani, Daktari anauliza nani anafuata."

Jumamosi alikwenda maktaba. Vijitabu vilikuwa vimefika asubuhi hiyo, bado vina harufu ya wino, na Fundi ndiye aliyebeba kasha. Ukumbi ulikuwa na viti vya plastiki na feni moja inayolalamika. Watu walikuwa wengi kuliko alivyotarajia, na wifi yake alikuwa safu ya mbele, amejipamba. Mkutubi alimtambulisha kwa maneno mazito hadi akatamani sakafu immeze. Akasimama. Alikuwa ameandaa utangulizi mzuri, akauacha.

"Kabla sijasoma," alisema, "naomba waliofika ukurasa wa 192 wanyooshe mikono."

Mikono ikanyooka mingi.

"Na waliogundua kwamba baada ya hapo kitabu kinarudi nyuma na hakina mwisho?"

Halafu mikono ikaanza kushuka, mmoja, mwingine, kama nguo zinazoanuliwa. Mkutubi aliangalia viatu vyake. Mtu mmoja nyuma alikohoa. Mama Mapokezi alihesabu iliyobaki juu, na haikuhitaji muda: ulikuwa mkono mmoja, wa mzee mwembamba, mstaafu wa posta.

"Mimi nilifika wa arobaini nikapitiwa na usingizi," wifi yake alisema kwa sauti. "Nasema ukweli! Lakini nilikuwa narudi."

Ukumbi ukaangua kicheko, na kicheko kile kilimsaidia kuliko hongera zote za miezi sita. Akaeleza kilichotokea kwenye mashine. Mstaafu wa posta alikuwa amesimama, uso umekunjamana.

"Yaani ni kosa la uchapaji?"

"Ndiyo, mzee wangu. Samahani sana."

"Mimi nilidhani umefanya makusudi. Kwamba anafungua mdomo, halafu maisha yanarudi pale pale, mvua ile ile, nguo zile zile, hasemi. Nikasema mwandishi huyu ni mkatili, lakini anajua. Nimewabishia watu kwa ajili yako." Akatikisa kichwa. "Huo mwisho wako mwingine utakuwa na kazi."

Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwambia jambo juu ya kitabu chake, na lilikuwa jambo la kugombana. Alisikia joto likimpanda shingoni. Akafungua kijitabu akasoma. Hakumtazama Fundi, aliyekuwa amesimama mlangoni na kasha tupu. Alisoma pale mume anaposema kuhusu jasho, kuhusu jicho, kuhusu kamba. Akasoma pale mke anaponyanyuka, anaburuta kiti chake, na kukaa upande ule ule wa meza anaokaa mumewe. Feni ililalamika. Alipomaliza hakuna aliyepiga makofi kwa muda, akadhani ameharibu.

"Mbona mke hakumwuliza kwa nini alificha?" mwanamke mmoja akauliza.

"Sijui," alisema. "Nilijaribu aulize, akakataa."

"Mimi ningemwuliza," alisema mwanamke yule, na mwingine akambishia, na wa tatu akaingilia, na wakaendelea hivyo hadi mkutubi alipoanza kufunga madirisha. Mstaafu wa posta aliondoka na kijitabu, akisema atausoma mwisho huo lakini haahidi kuukubali.

Wiki iliyofuata vijitabu vilitoka polepole. Jirani alikuja kukichukua akiwa hamtazami usoni. Daktari aliomba kimoja, akasema ni cha rafiki yake. Wengi hawakuja kabisa, na makasha nyuma ya kochi yalipungua kidogo tu. Mashaka nayo hayakuhama. Yalibaki yanamwuliza yale yale. Ila sasa alikuwa anajua kwamba kuna mzee mmoja mahali fulani aliyekasirika kwa sababu ya sentensi zake, na asubuhi, kabla ya kazi, akaanza kuandika jambo jingine.

Jumapili moja Fundi alivaa shati la kutokea. Alisema anakwenda kwa mjane wa Mrefu. Kutoka huko atamtafuta yule mtu wa kwenye swichi, kama bado yuko mjini.

"Nikusindikize?"

"Hapana. Hili nitalisema mwenyewe."

Mkewe alishinda anazunguka nyumba, anafuta vumbi mahali palipofutwa. Hakuandika neno. Alasiri mlango ukafunguka, Fundi akaketi bila kuvua viatu. Alikuwa amechoka kama mtu aliyebeba mzigo ngazi nyingi.

"Mjane amesemaje?"

"Nilipomaliza akanyanyuka, nikajua ananifukuza." Fundi alitazama viganja vyake. "Halafu akaniuliza kama nimekula."